Gambuti Kitandani

Mimi ni fundi umeme. Mtaani wananiita Fundi, na mke wangu pia ananiita Fundi, hasa akiwa amenikasirikia. Nimefunga nyaya katika nyumba nyingi mno. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba mimi si mtu wa kuamini mambo ya ajabu ajabu. Kitu kikinguruma, kina sababu. Kitu kikizima, kina sababu. Sasa sikiliza jinsi nilivyojiaibisha.

Mke wangu anafanya kazi katika kiwanda cha mikate. Anasimamia mashine ya kukandia unga. Bakuli la mashine hiyo linameza gunia zima kwa mara moja, na ndani yake kuna mkono wa chuma unaozunguka bila kuchoka. Anayeisimamia lazima awe macho. Chuma hakijui kama kimeshika unga au kidole. Mke wangu amekaa na mashine hiyo miaka sita, na anaipenda kazi yake. Ukimuuliza jambo lolote kuhusu unga, tafuta kiti kwanza.

Mikate huokwa usiku ili watu waipate asubuhi. Kwa hiyo mke wangu alikuwa akirudi saa moja asubuhi, wakati mimi natafuta koleo niende kazini. Alioga, alikunywa chai, alifunga pazia, akalala. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa akiwafukuza watoto wa majirani dirishani ili mkwe wake apumzike. Mchana nyumba yetu ilikuwa kimya kama ya watu waliohama. Sisi tulishazoea.

Kisha kiwanda kikabadilisha zamu. Wiki moja usiku, wiki moja mchana, halafu usiku tena. Mke wangu hakulalamika. Alilala pale alipopata nafasi. Leo saa mbili asubuhi, kesho saa sita mchana, keshokutwa halali kabisa. Baada ya miezi miwili, mambo yakaanza.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Sikuwa na kazi siku hiyo. Nilikuwa sebuleni natengeneza pasi ya jirani, nikaingia chumbani polepole kuchukua bisibisi. Mke wangu alikuwa amelala chali. Macho yake yalikuwa wazi.

Nikamwomba radhi kwa kumwamsha. Hakujibu. Nikamwita. Kimya. Nikasogea karibu, nikaona macho yake yakinitazama, yakahamia mlangoni, yakarudi kwangu. Lakini mwili haukutikisika hata kidogo. Kidole hakikusogea. Nilimshika bega, naye akashtuka, akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, akaanza kulia.

Alipotulia alinieleza. Alikuwa ameanza kusinzia. Mara akasikia mngurumo masikioni, sawa kabisa na wa ile mashine. Mtetemo ukaanzia miguuni, ukapanda hadi kichwani. Akahisi anaelea juu ya godoro. Akasikia sauti ikimwita jina lake, na sauti yenyewe ilikuwa yangu. Alipotaka kugeuka, hakuweza. Hapo akajua, bila kuona vizuri, kwamba kuna mtu amesimama mlangoni. Kitu kizito kikamkalia kifuani.

"Nilikuona ukiingia," aliniambia. "Nilikusikia ukitafuta hiyo bisibisi yako. Nikakuita kwa nguvu zangu zote, Fundi. Hukunisikia."

Niligeuka na kumwona mama amesimama nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote. Sijawahi kumwona mama yangu na uso ule. Alisema neno moja tu, kwamba tusimwambie mtu yeyote, kisha akarudi jikoni. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa, sikumuuliza kwa nini.

Najua utasema ni jinamizi. Hata jirani mwenye pasi, ambaye nilimdokezea licha ya onyo la mama, alisema hivyo hivyo. Nilimcheka. Nikamwambia jinamizi ni hadithi ya kutishia watoto, na mimi ni mtu wa vipimo. Hebu fikiria mwenyewe. Mngurumo. Mtetemo unaopanda kutoka miguuni. Mwanamke anayesimama karibu na mota kubwa saa tisa kwa siku. Kitanda cha chuma. Kwangu jambo lilikuwa peupe. Umeme wa kiwandani ulikuwa umemwingia mwilini, na ulikuwa ukitafuta njia ya kutoka kila alipolala.

Nilichukua testa, ile bisibisi ndogo inayowaka taa ikigusa umeme, nikapima ukuta. Nikapima kitanda. Kisha, Mungu anisamehe, nikamgusa mke wangu kwenye kifundo cha mguu kwa testa. Taa yake haikuwaka. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nikatangaza kwamba huo ni umeme wa aina ambayo testa haiuoni.

Nikakata tairi kuukuu vipande vinne, nikaviweka chini ya miguu ya kitanda. Halafu nikaenda dukani nikamnunulia gambuti, zile buti ndefu za mpira ambazo watu huvaa kwenye matope.

"Nilale nazo?" aliuliza.

Nikamjibu kwamba ni kwa wiki moja tu, mpaka umeme uishe. Katika siku nyingine angenitolea uvivu na kuzirusha gambuti hizo uani. Lakini aliogopa sana kile kitu, akazivaa. Aliingia kitandani na gambuti zake, akajifunika shuka, na ncha mbili nyeusi zikatokeza upande wa miguu. Sikucheka. Ningecheka, labda mambo yangekwenda vinginevyo.

Siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Siku ya pili pia. Nikaanza kutembea kifua mbele. Siku ya nne kile kitu kilimjia mara mbili katika asubuhi moja, na safari hii yule mtu wa mlangoni alitembea hadi ukingoni mwa kitanda.

Baada ya hapo mke wangu aliacha kunisikiliza, na sikumlaumu. Aliamua kwamba dawa ni kutolala. Alikunywa kahawa nzito, akakaa jikoni na mama mchana kutwa. Wote wawili walichambua mchele ambao tayari ulikuwa safi. Mama, ambaye zamani alikuwa akimsukuma chumbani akapumzike, sasa hakumwambia alale. Alimwongezea kahawa tu. Kila usingizi ulipomchukua kidogo kitini, mke wangu aliruka kama mtu anayeanguka shimoni, na kikombe kikamwagika. Alikuwa analala saa mbili, labda tatu, kwa siku. Uso wake ulibadilika mbele ya macho yangu, na fundi mimi sikuwa na la kufanya.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mchana. Saa tano asubuhi nilipigiwa simu nikiwa juu ya ngazi. Niliambiwa nije kiwandani mara moja. Hawakusema zaidi. Sikumbuki nilivyoshuka kwenye ile ngazi.

Nilimkuta amekaa kwenye kreti tupu, mweupe kwa unga, sare yake haina mkono mmoja. Mkono wa nguo, namaanisha. Mwenzake anayepanga trei za mikate ndiye aliyenisimulia. Alisema mke wangu alikuwa amesimama wima mbele ya mashine, macho wazi, lakini alikuwa amelala. Mkono wake uliteleza taratibu ukaingia kwenye bakuli. Chuma kikanasa nguo na kuanza kuivuta. Mpanga trei aliruka na kupiga kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Nguo ilichanika hadi begani. Mkono ulibaki na alama nyekundu tu.

"Nimehesabu vidole mara tatu," mke wangu aliniambia, akaninyooshea mkono. "Hebu hesabu na wewe."

Nilihesabu. Vilikuwa vitano. Nikakaa chini sakafuni kwenye unga.

Bosi wake si mtu mbaya. Hakupiga kelele. Alisema hawezi kumrudisha mwanamke aliyelala wima kwenye mashine inayovunja mifupa. Alimpa wiki mbili. Arudi na barua ya kliniki inayosema yuko salama kufanya kazi, la sivyo mashine itapewa mtu mwingine.

Tulipokaribia nyumbani, mke wangu akasimama.

"Mashine hiyo ndiyo kazi yangu," alisema. "Lakini barua wataniandikiaje? Fundi, nadhani ninapata wazimu. Naona mtu asiyekuwepo."

Nilihisi aibu tupu. Siku zote hizo nilikuwa nikihangaika na testa na mpira, na hata siku moja sikumuuliza anaogopa nini.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kliniki. Mama alisema naye anakuja. Hatukujua kwa nini, lakini alikuwa ameshavaa viatu. Chumba kilikuwa kidogo, kina meza, viti viwili na benchi karibu na mlango. Mama alikaa kwenye benchi na mkoba mapajani. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, ambaye kila mtu humwita Sista, kama wauguzi wanavyoitwa.

Mke wangu alieleza kila kitu. Sista aliandika, wala hakukunja uso. Kisha akauliza maswali yake. Je, usingizi humkamata ghafla katikati ya mazungumzo, hata akiwa amelala vya kutosha? Je, magoti humlegea akicheka sana? Je, amewahi kuamka ameng'ata ulimi au amejikojolea? Je, anakoroma na pumzi kukatika? Kwa yote jibu lilikuwa hapana. Sista alisema angejibu ndiyo hata kwa swali moja, angemwandikia aende hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

"Basi mimi ni mgonjwa wa akili," mke wangu alisema.

"Hapana. Wewe ni mtu aliyechoka," Sista alijibu. "Hali hii nimewasikia nayo walinzi, madereva, wanafunzi wakati wa mitihani. Hata mimi imeshanipata nikitoka zamu. Watu wengi huipata angalau mara moja. Wengi hawasemi, ndiyo maana kila mmoja anadhani yuko peke yake."

Nikamsikia mama akisogea kwenye benchi.

Sista akanigeukia mimi. Aliuliza nikitaka kushika waya wa nyumba nafanya nini kwanza. Nikamjibu kwamba nazima swichi kuu, nisipigwe shoti.

"Ubongo nao ni fundi," alisema. "Ukianza kuota, unazima misuli yako. Bila hivyo, siku ukiota unakimbia, ungekimbia kweli ukagonga ukuta. Macho hauyazimi. Pumzi hauizimi. Siku zote hujui, kwa sababu akili nayo imelala. Lakini mtu aliyechoka sana, anayelala leo saa hii na kesho saa ile, ndoto huweza kumwahi. Misuli imeshazimwa, ndoto imeshaanza, na akili bado iko macho. Ndiyo hayo yaliyokupata."

"Na ule mngurumo?" mke wangu aliuliza.

"Ni ndoto inaanza. Mngurumo, mtetemo, kuelea, kusikia ukiitwa. Hata kule kuruka kama unaanguka shimoni, wengi tunakujua. Akili ya mwenye usingizi inatengeneza sauti na picha, nawe bado unakiona chumba chako. Vinachanganyika."

"Na yule mtu?"

"Umeshikika mwili, umeogopa. Akili inatafuta ni nani amekushika. Isipomwona, inamchora. Na uzito kifuani ni kwa sababu pumzi ya usingizi ni fupi. Ukilazimisha kuvuta ndefu, misuli haitii, unadhani umekaliwa. Lakini unapumua. Hupita baada ya sekunde chache, au dakika chache. Haijakuua, wala haitakuua."

Mke wangu alifunika uso kwa mikono yote miwili. Sista alimwacha alie mpaka amalize. Ndipo sauti ikatoka kwenye benchi.

"Na baadaye?" mama aliuliza. "Baada ya miaka mingi. Mtu hapati wazimu?"

"Hapati, mama."

Mama akatikisa kichwa kukubali, akatazama sakafu.

Sista aliuliza tumejaribu dawa gani. Nilitamani kutoka nje. Mke wangu, bila huruma, alimweleza habari za tairi na gambuti. Sista aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Midomo ilikuwa inamchezacheza. Kisha akauliza jambo moja tu, mke wangu alikuwa akilalaje na gambuti zile. Akajibu kwamba zilikuwa nzito, hawezi kujigeuza, kwa hiyo alilala chali asubuhi yote.

"Fundi," Sista aliniambia, "hali hii humpata zaidi mtu anayelala chali."

Dawa yangu ndiyo iliyokuwa ikimwita yule mtu wa mlangoni. Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, kisha akaanza kucheka huku bado analia.

Sista akatupa maelekezo. Alale saa nyingi, si chini ya saba, na saa zile zile kila siku, hata siku asiyo na kazi. Alale ubavu. Chumba kiwe na giza na kisiwe na kelele. Kahawa asiinywe katika saa sita za mwisho kabla ya kulala. Na kile kitu kikija, asipigane nacho, maana kupigana huongeza hofu. Ajiambie tu kwamba mwili umelala, akili iko macho, na itapita. Apumue taratibu, ajaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Kuhusu kazi, alimwandikia bosi barua ya kwanza. Iliomba mke wangu asihamishwe zamu kila wiki. Ya pili, alisema, ataiandika baada ya kuona usingizi wake.

Mke wangu alichagua kubaki na zamu ya usiku, kwa hiyo akaanza kulala kila siku saa mbili asubuhi, ingawa hakuwa kazini. Nilitoa vipande vya tairi. Nilipigilia blanketi zito dirishani. Gambuti nilimpa jirani mwenye pasi, na akauliza mbona hazina tope. Siku tano za mwanzo mke wangu alilala kwa woga, nami nikikaa kando ya kitanda. Siku ya sita alilala saa nane nzima bila kugeuka. Niliingia mara tatu kuhakikisha anapumua.

Siku ya tisa, nikiwa nabadilisha plagi sebuleni, nilisikia sauti kutoka chumbani. Nilikimbia na koleo mkononi. Mama alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko. Tulimkuta mke wangu amekaa kitandani anacheka hadi machozi.

Alisema mngurumo ulikuja kama kawaida. Mwili ukashikwa. Hofu ikaja, lakini akajiambia yale maneno ya Sista. Akaacha mtetemo umpitie bila kushindana nao. Mara mngurumo ukanyamaza, akajikuta kiwandani. Ukutani pale pana kibao kinachosema ZIMA MASHINE KABLA YA KUSAFISHA. Alikisoma. Akatazama pembeni, akakisoma tena, na sasa kiliandikwa MIKATE IMELALA.

"Hapo nikajua," alisema. "Nikajiambia, mimi naota. Na sikuamka. Niliendelea kuota huku najua kabisa kwamba naota."

Nilidhani ananitania. Akaendelea. Alimwona yule mtu amesimama kwenye mlango wa stoo. Kwa kuwa alijua ni ndoto, alimwendea akamuuliza anataka nini. Yule mtu akajibu kwa adabu kwamba ametumwa hamira.

"Nikampa. Akasema asante, akaondoka. Halafu nikainua mashine kwa mkono mmoja, huu huu, nikaipandisha kabatini."

Baadaye Sista alitueleza kwamba jambo hilo linajulikana. Ndoto ambayo mtu anajua kuwa anaota ni jirani wa ile hali ya kushikika, kwa sababu katika zote mbili akili imewaka huku ndoto inaendelea. Wanaojua kutulia, mara nyingine hupita kutoka hapa hadi pale. Nilimuuliza kama nami naweza kuipata, nipate kuruka kidogo juu ya nguzo za umeme. Alinikatiza. Wapo wanaojikatisha usingizi makusudi kuitafuta, alisema, na wanachovuna ni uchovu na ile hofu ya mwanzo. Na mtu ambaye tayari anasumbuka kutofautisha ndoto na kweli asiichezee kabisa. Ikija yenyewe, vizuri. Isipokuja, lala.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale chumbani mama alikuwa bado amesimama na mwiko wake.

"Yule wa mlangoni," alimwambia mke wangu, "ulimuuliza, akaondoka?"

"Aliondoka, mama."

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliweka mwiko mapajani.

"Wangu hajawahi kuondoka," alisema.

Sikuelewa. Mke wangu alielewa kabla yangu, akamshika mkono. Nilimuuliza mama ana maana gani.

"Ni miaka arobaini na moja sasa, mwanangu. Unajua kwamba nilisomea uuguzi."

Nilijua. Nilijua pia kwamba aliacha kwa sababu yangu, kwa sababu alipata mimba. Nimelijua hilo tangu utoto. Alikuwa akilisema kwa utani mbele za watu, nami nilicheka nao, lakini lilinikaa moyoni. Nikamwambia hivyo.

"Wewe ulizaliwa mwaka mmoja na nusu baadaye," mama alisema. "Nilisema vile kwa sababu watu walikubali bila kuuliza. Walitupanga zamu za usiku wodini. Mchana nikilala bwenini, nashikwa. Mgonjwa aliyefia mikononi mwangu alikuwa akija kusimama pale miguuni. Nikajiambia, mwenda wazimu hawezi kumchoma mtu sindano. Nikafunga mizigo. Nilibakiza miezi minne."

Miaka yote hiyo sikuwahi kupiga hesabu. Nilimtazama mama yangu, ambaye amelala chumba cha pili kwa miaka kumi na mbili, na ukuta kati yetu nimeupitisha nyaya kwa mikono yangu. Niliwaza asubuhi ngapi ameamka ameshikwa, akaja mezani akaniwekea chai. Nilijisikia vibaya sana, nikasema hivyo.

"Kumbe ni dakika kumi tu," mama alisema. "Yule binti wa kliniki alimweleza mkwe wangu kwa dakika kumi. Mimi hakuna aliyenieleza, kwa sababu sikumwambia mtu."

Wiki mbili zilipotimia, Sista aliandika barua ya pili. Mke wangu alirudi kwenye mashine yake, zamu ya usiku tu. Sasa huu ni mwezi wa tano tangu arudi. Hali ile imemjia mara mbili, na mara zote mbili alitikisa kidole cha mguu, ikapita. Bosi amewapa na wenzake wengine zamu zisizobadilika. Anasema hata mikate haiungui kama zamani.

Mama naye alikwenda kliniki, safari hii kwa ajili yake mwenyewe. Alianza kulala ubavu, saa zile zile. Sista alimwomba aje Alhamisi moja awaambie wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi yaliyompata. Mama alikataa. Wiki iliyofuata alikataa tena. Wiki ya tatu alivaa nguo yake nyeupe ya kutokea, akaniambia nimsindikize.

Alisimama mbele ya watu kama ishirini. Alieleza mngurumo, mtetemo, kushikika, mtu anayesimama. Alieleza ubongo unavyozima misuli, na kwamba si wazimu. Watu walimsikiliza kimya kabisa, hata waliokuwa wakikohoa. Alipomaliza, mlinzi mmoja aliinuka nyuma, mtu mkubwa, bado amevaa sare ya zamu ya usiku. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Samahani, Sista," alimwambia mama yangu. "Hata kuitwa jina? Hata ukiitwa na mtu aliyekwisha kufa?"

Mama alimgeukia muuguzi, kana kwamba anaomba ruhusa ya kuitwa hivyo. Muuguzi aliinamisha miwani yake kwenye daftari, akaendelea kuandika.

"Hata hiyo," mama alimjibu. "Njoo ukae hapa, nikueleze."